Mwaka Ambao Popo Walimjia Karisa

Mahema yalikuwa yangu, viti vilikuwa vyangu, masufuria ya pilau yalikuwa yangu, na hata kile kipaza sauti alichoshika mchungaji kilitoka katika stoo yangu hapa Mtopanga. Siyasemi haya ili nishukuriwe. Kazi ya kukodisha mahema na viti nimeifanya kwa miaka mingi, na Kisauni nzima harusi haijawa harusi mpaka lori langu limeegeshwa mlangoni. Basi Karisa alipofariki nilisema, huyu tulilala naye kitanda kimoja, hawezi kuliliwa juani. Nikamfanyia matanga ambayo hata wenye maduka wangeyatamani. Nikakaa mbele, kwenye kiti chenye mto, nikasikiliza watu tangu adhuhuri mpaka jua linaelekea kuzama, na hakuna hata mmoja aliyetaja mahema. Walitaja popo. Nyuma yangu mama muuza viazi karai alikuwa akimhadithia mpangaji mmoja wa kutoka bara. "Alikuwa akikaa kule juu ya mnazi, nao wanakuja kunywa mkononi mwake." "Popo?" "Popo, wallahi. Wale wakubwa, uso kama wa mbwa." "Wewe uliwaona?" "Mamangu aliwaona." Nikageuka nikawaambia kwamba mimi nilikuwapo, nilikuwa mnazi wa pili. Yule mama akaniangalia kwa adabu, akaniambia, "Ndiyo, baba. Ati viti vimebaki? Kuna wageni wamesimama kule nyuma." Nilimwonea wivu Karisa alipokuwa hai, na siku ile, yeye amelala ndani ya sanduku, nikaona kwamba bado namwonea.

Mwaka ninaotaka kuusema hapa ni ule tuliokaa chumba kimoja nyuma ya mangwe ya Mama Sidi. Kwa asiyejua, mangwe ni mahali panapouzwa tembo la mnazi: ua wa makuti, magogo ya kukalia, na harufu inayokuonyesha njia hata ukifumba macho. Wakati huo Mtopanga ilikuwa bado na minazi kuliko watu. Chumba chetu kilikuwa cha udongo, na ukuta wake mmoja ndio uliokuwa ukuta wa jiko la Mama Sidi, kwa hivyo tulilala tukinuka moshi wake na kuamka tukisikia maneno yake. Kitanda kilikuwa cha kamba, kimebonyea katikati, na kila usiku tuliteremka pande zote mbili tukakutana mgongo kwa mgongo. Nguo zetu zilining'inia msumari mmoja. Tulikula sima kwa mtsunga, ile mboga chungu, na siku biashara imekuwa nzuri Mama Sidi alitukatia kipande cha papa mkavu akakiunga kwa tui. Mimi nilikula haraka, kwa sababu mtu anayekula polepole hajui anachokitaka duniani. Karisa alikula kama mgonjwa, anamega, anaacha, anatazama nje. Leo nina meza ndefu ya mvule na papa nala nikitaka, lakini nikisikia harufu ya tui linachemka bado huona mkono wa Karisa umesimama juu ya sahani, umesahau kurudi mdomoni.

Tulikuwa wagema, na mimi nilikuwa mgema bora kuliko yeye. Hili naliandika bila kuogopa mtu. Mnazi tuliupanda mara tatu kwa siku, asubuhi, mchana na magharibi, kwa vidato vilivyochongwa kwenye shina, kotama, kisu cha mgema, kiunoni na kibuyu mgongoni. Ukifika juu unalikata karara, ua la mnazi lisilofumbuka, kipande chembamba, tembo linaanza kutona upya, unamimina lililojaa na kukifunga kibuyu tena. Anayekata kwa pupa huua karara, na anayeogopa hapati kitu. Mkono wangu haukuwa na pupa wala woga. Vibuyu vyangu nilivifunika midomo kwa kilifu, ule utando wa mnazi unaofanana na gunia, nikavikaza kwa kamba hata nyuki asipate pa kupenyeza ulimi. Karisa alifunika vyote isipokuwa kimoja katika kila mnazi. Nilipomuuliza alisema, "Kile ni fungu lao."

"Fungu la nani? Walikusaidia kupanda?"

"Wanaishi juu, Charo. Sisi ndio wageni kule."

Ikawa kila siku yeye anarudi na tembo pungufu, mimi narudi na tembo jingi na safi. Mama Sidi alilionja mbele ya wateja akasema, "Charo, tembo hili! Lakini nisikusifu, maana mgema akisifiwa..." Na mangwe nzima ikajibu, "Tembo hulitia maji!" Wakacheka, nami nikacheka, kwa sababu mtu haambiwi maneno hayo ila amewashinda wengine. Nilijua kuwa katika ua ule mimi ndiye mwanamume wa kutazamwa. Nilijua hivyo mpaka siku niliyochelewa kushuka.

Kamba ya kibuyu ilinikatikia juu, nikawa naiunga upya huku magharibi inaingia. Mnazi wa Karisa ulikuwa karibu, ukinyoosha mguu unadhani utaugusa. Yeye alikuwa amemaliza kazi lakini hakushuka. Alikaa kwenye kilele, ameupitisha mguu juu ya shina la kuti, mikono magotini, kibuyu kile kisichofunikwa kimening'inia mbele ya kifua chake. Nikataka kumwita, nikaacha, kwa sababu kitu kikubwa cheusi kilipita kati yetu bila kelele yoyote, upepo wake tu ukanipiga shavuni. Kisha kingine. Halafu nikasikia harufu, nzito, kama mapera yaliyoiva mno yakachanganywa na mnyama. Wakaja wakamzunguka. Mmoja akajining'iniza kwenye karara miguu juu, akakunja mabawa yake yale ya ngozi, akainamisha kichwa kwenye kibuyu. Niliuona uso wake. Ulikuwa uso wa mtoto wa mbwa, macho makubwa yenye mwanga wa dhahabu, na ulimi unakwenda upesi upesi. Mwingine akatua kwenye mkono wa Karisa, kwenye ngozi tupu, akaupanda kwa makucha ya mabawa kama mtu anayepanda ngazi, mpaka begani, akakaa. Karisa hakufurahi wala hakuogopa. Alikuwa ametulia kama mtu anayenyolewa. Nilipokohoa, na sikukusudia, wote waliruka kwa pamoja, na kile kilele kikawa na mtu mmoja tu anayenitazama gizani.

"Wamekwenda," akasema. Hakusema kwa ubaya. Hilo ndilo lililoniudhi.

Tangu jioni ile sikupata raha. Nimejiuliza mara nyingi, hata sasa nina wapangaji wa kunipigia shikamoo mtaa mzima, kitu kile kilikuwa na faida gani hata kikaninyima usingizi. Popo hauzwi. Popo hajengi. Lakini mtu aliyezoea kushinda hawezi kuona jambo moja limemkataa akalala. Nami nikaacha kibuyu kimoja wazi, kikubwa kuliko cha Karisa, nikakaa kileleni nikiwasubiri. Walikuja mpaka mnazi wa jirani, wakakata kona. Nilipoteremka tu nikawasikia juu wanalamba. Nikadhani ni harufu ya sabuni, nikaacha kuoga mpaka Mama Sidi akanihamishia sahani yangu nje. Siku moja nilivaa shati la Karisa, yeye nikampa langu, nikapanda mnazi wake yeye akapanda wangu, nikakaa alivyokaa, mguu juu ya kuti, mikono magotini. Walizunguka kichwa changu mara kadhaa. Kisha wakahamia kule kwangu, wakamkalia Karisa ndani ya shati langu. Aliyebaki nyuma kidogo alipita juu yangu na kunikojolea. Huyo ndiye popo pekee aliyenitaka kwa lolote mwaka mzima.

"Unafanya nini nao?" nilimuuliza usiku huo kitandani, mgongo kwa mgongo. "Una dawa? Sema tu, mimi si mtu wa kumwaga siri."

"Sina dawa. Nanyamaza."

"Hata mimi nilinyamaza!"

"Wewe hata ukinyamaza unasikika."

Habari zilienea mangweni, na hapo ndipo wivu ulipopata mboga ya kulia. Wateja waliokuwa wakinisifia tembo sasa walitoka nje na vikata vyao ikifika magharibi, wakatazama juu. Wengine walisema Karisa ana mizimu, wengine wakasema ana baraka, na mpakizi mmoja wa bandarini kutoka bara alimpigia kelele, "Buda, hao wasee wako wa usiku wanalipa ama wanakunywa bure?" Wote wakaangua kicheko. Lakini hao hawakunishughulisha. Aliyenishughulisha ni Dama, binti ya Mama Sidi, yeye aliyepima tembo kwa kata na kujibu watu kwa maneno machache yenye makali. Kila jioni Dama aliacha kata ndani ya mtungi, akajifunga leso, akaenda kusimama chini ya mnazi wa Karisa, shingo ameipindua, mdomo wazi kidogo. Mimi nikipita na kibuyu kilichojaa hata hakugeuka. Kupitia ukuta wa jiko nilimsikia mamake akimwambia, "Charo ana mikono ya kazi. Yule mwingine ana popo." Na Dama akacheka. Nililala nimekodoa macho nikiupima ule mcheko, kama ulinicheka mimi au ulimcheka yeye, na mpaka alfajiri sikuupatia uzani.

Nikaona nisingoje popo wamfundishe Karisa kuposa. Nikatengeneza mambo upesi. Kwetu sisi Wagiriama, ukitaka mke hupeleki maneno matupu. Unapeleka tembo, linaitwa kadzama, na wazee wa binti hukaa wakalitazama bila kuligusa. Binti huitwa, hukishika kile kibuyu kwa mikono yake, na mkubwa wao humuuliza mbele ya watu, "Tunywe?" Akisema nyweni, amekubali. Akisema msinywe, au akanyamaza, unachukua kibuyu chako na aibu yako unarudi navyo. Na muda wote huo mwenye kuposa hafungui kinywa. Humchukua rafiki wa kumbebea na kumsemea. Mimi nilimchukua Karisa. Desturi ilitaka awe ni mtu wa karibu, nami nilitaka aone. Nilipomwomba alisema ndiyo papo hapo, akatabasamu, akanipongeza. Alikubali upesi hata nikakasirika.

Wazee walikaa uani baada ya jua kutua, taa ya chemli imetundikwa kwenye nguzo, mwezi umeshatoka. Mkubwa wao alikuwa Mzee Gona, baba mkubwa wa Dama, mtu wa maneno ya kupima. Karisa akaeleza haja yetu vizuri kuliko nilivyotarajia. Dama akaitwa, akatoka jikoni na leso mpya, akapiga magoti, naye Karisa akamkabidhi kibuyu. Hapo ndipo nilipoona. Tembo lile nililigema mwenyewe, nikalichuja mwenyewe, nikalifunika kwa kilifu kipya na kulifunga fundo nililojua ni langu. Lakini sasa mdomo wa kibuyu ulikuwa wazi. Njiani Karisa alikuwa amekifungua, bila kukusudia, kwa ule mkono wake uliozoea kuacha kimoja kwa ajili ya wenyewe. Nikafungua kinywa, nikakumbuka kwamba siruhusiwi, nikakifunga.

Mzee Gona alikuwa ndio kwanza anakohoa ili aulize. Kikapita kivuli juu ya taa. Mama Sidi akasema "Yarabi!" na kivuli kikarudi chini zaidi, nikauhisi ule upepo ninaoujua, na popo akatua kwenye mikono ya Dama. Hakutua kwenye kibuyu, alitua kwenye mikono iliyokishika. Mabawa yake yalimfunika mpaka viwiko. Akaingiza uso kibuyuni, na katika kimya kile sote tulimsikia akinywa. Dama hakupiga yowe. Hakukitupa kibuyu. Alimwinamia mpaka paji lake la uso likakaribia yale masikio madogo, wala hakutikisika. Popo akashiba, akainua kichwa, akamtazama, akaruka.

Wazee wakaanza kusema wote. Mmoja alisema ni mkosi, limwagwe. Mwingine alisema aitwe mganga kwanza. Mzee Gona akainua bakora wakanyamaza. "Kadzama ikinywewa na mwingine kabla ya wazee," akasema, "ni kadzama ya aliyetangulia kunywa. Sasa mnataka binti yetu tumwoze popo?" Hakuna aliyecheka, kwa sababu hakuwa akifanya mzaha. Nikaona mke wangu anakwenda hivi hivi mbele ya macho yangu, na mimi ulimi nimefungwa. Mama Sidi alikuwa ameshashika leso ya Dama kumwinua.

Karisa akasema, "Mzee, niruhusu." Akaruhusiwa. "Popo ana Kisauni nzima ya kuchagua. Ana mapera, ana makungu, ana minazi yangu mimi niliyomwachia wazi. Nakula nao tangu mwaka uanze. Sijamwona akionja tembo lililolala, wala lililotiwa maji, wala la mtu mchafu wa mkono. Hakuja kuposa. Amekuja kuwaambia kwamba la Charo ni zuri."

Mzee Gona alimtazama, akatazama mbinguni, akanitazama mimi kwa muda mrefu. Mwishowe akaguna. "Dama, tunywe?"

Dama alikuwa bado anaiangalia mikono yake. Akainua macho, akayapeleka juu, kule upande wa minazi, akasema taratibu, "Nyweni."

Wakanywa, wakasifu, na kibuyu kilirudi kitupu. Hivyo ndivyo nilivyooa. Baada ya hapo mengine mnayaona wenyewe. Magogo ya mangwe niliyakodisha kwa harusi ya kwanza, nikanunua viti, nikanunua mahema, nikajenga. Minazi ilikatwa nyumba zikapanda, Karisa akabaki kuangulia watu nazi na kusafisha makuti mahotelini, bila mke, na kila tulipokutana aliniuliza hali ya Dama kwa heshima, shemeji hajambo? Nami nikamjibu hajambo, nikageuza maneno. Kwa maana katika ndoa yangu yote kulikuwa na jioni ile. Kadzama yangu ilipita kwa kinywa cha Karisa na kwa popo wa Karisa, na mke wangu alipokubali hakuangalia upande nilioketi. Nimemjengea nyumba yenye vigae mpaka jikoni. Miaka yote hiyo sikuwahi kumuuliza alikuwa akimtazama nani.

Nilimuuliza Dama asubuhi ya pili baada ya mazishi, tukinywa chai. Vijana walikuwa wameshakwenda kung'oa mahema. Nilisema kwa kuzunguka, kwamba watu matangani walimsifu sana marehemu, kwamba hata yeye Dama nilimwona akilia. Akaweka hamri chini.

"Charo, sema unalotaka kusema. Mzee wa watu amekufa, huna wa kumwogopa tena."

"Ulimtaka Karisa?"

Alinitazama kama anayetazama hesabu iliyokosewa tangu mstari wa kwanza. "Karisa? Karisa hakuniomba hata maji."

"Hilo silo nililouliza. Kila magharibi ulikuwa chini ya mnazi wake. Na siku ya kadzama ulipoulizwa uliangalia kule."

Akafuta meza palipokuwa hapana kitu. "Ulikuwa hujui? Nilijaribu kuupanda ule mnazi. Siku mmekwenda sokoni. Nilifika kidato cha nne, mamangu akanivuta leso, akanipiga, akaniambia mwanamke akipanda mnazi unakauka. Karisa sikumtaka. Nilitaka kuwa yeye. Nilimchukia, kama unataka ukweli. Anakaa kule juu kila siku, anawapata, na wala hajivuni."

"Na kadzama yangu?"

"Nilitoka jikoni nimeshaamua kusema msinywe. Ulikuwa unajisifu mno. Nilijua nitasikia habari za hicho kibuyu mpaka nizeeke." Hapo akacheka kidogo, kisha uso ukamtulia. Akaitandaza mikono yake mezani, imekunjamana sasa, ina makovu ya mafuta. "Ndipo popo akanijia mimi. Mimi, siye Karisa. Alikuwa na joto, Charo. Moyo wake unakwenda mbio hapa, kwenye kidole hiki. Nikasema, tembo lililoniletea hiki, wacha walinywe."

Basi miaka yote hiyo tulikuwa wawili, ndani ya nyumba moja, tunamwonea wivu mtu mmoja, na yeye hakujua. Nilitaka kumwambia kwamba nimefarijika, na nadhani nilifarijika. Lakini Dama alikuwa bado anaitazama ile mikono, mdomo wazi kidogo, amekwenda mahali ambapo sina lori la kunifikisha. Nikamuuliza lilikuwa joto la namna gani. Akasema hawezi kueleza. Nikamwambia ajaribu. Akasema, "Kunywa chai yako," na chai nikainywa, huku namtazama vidole.